Naomba ushauri: Nimemzika Kulwa, Doto kapewa baba yake. Je, kukata rufaa ni kukosa imani?

MamaDoto_Dom:
Shikamooni wakubwa, wengine habari za usiku. Ni saa nane sasa, usingizi nimeshausahau.

Nilijaliwa mapacha wa kike, Kulwa na Doto. Mwishoni mwa mwaka jana Kulwa alishikwa na homa, siku ya tatu tukamzika. Mimi ni mama lishe, napikia mafundi wanaojenga kule Mtumba, na Nkuhungu naondoka saa kumi alfajiri. Siku homa inaanza nilikuwa kwenye masufuria, nikarudi saa tisa mchana. Saa hizo ndizo mume wangu alizozihesabu mahakamani moja baada ya nyingine. Tulikuwa tumeshaanza kutengana kabla ya msiba, msiba ukamalizia.

Alifungua shauri apewe Doto, ana miaka sita. Wiki iliyopita kapewa. Yeye ni dereva wa malori, kwa hiyo mtoto kampeleka kwa mama yake Manyoni.

Kinachonikereketa ni sababu waliyoandika. Afisa ustawi wa jamii alikuja mara moja, hakunikuta, akaongea na jirani. Jirani hakusema uongo: kwamba jioni naenda makaburini, kwamba asubuhi namimina uji vikombe viwili na mtoto kabaki mmoja. Kweli namimina. Doto alikuwa hagusi chake mpaka cha Kulwa kiwe mezani, na mimi nilikuwa nataka mtoto ale. Kwenye uamuzi imekuwa "mama hana utulivu wa akili".

Kanisani naimba sauti ya pili. Nilimwambia mzee wa kanisa kwamba nataka kukata rufaa, akanishika bega: "Bwana alitoa, Bwana ametwaa, usishindane naye." Kwa Kulwa nakubali. Lakini huyu Doto ametwaliwa na Bwana? Mbona karatasi yake ina muhuri wa mahakama? Jumapili nilisimama na wenzangu kwenye safu, nikawa nafungua mdomo tu, sauti haitoki.

Niambieni, rufaa ni kukosa imani? Na mtu wa masufuria kama mimi ataiweza?

Zabibu Chungu:
Pole sana dada. Hapo kwenye vikombe nimeshindwa kuendelea kusoma, nikarudi baadaye.

Ngosha wa Kizota:
Pole, ila tusikie na upande wa pili. Mahakama haimnyang'anyi mama mtoto hivihivi. Hiyo saa kumi alfajiri watoto ulikuwa unamwachia nani?

MamaDoto_Dom:
Shangazi yangu, mkuu. Naishi naye mpaka leo. Hakuitwa.

Karani Mstaafu:
Shangazi ulitakiwa umwite wewe, mwanangu. Mahakama haimtafutii mtu mashahidi. Nakwambia kwa uchungu, nimeona mengi ya namna hii nikiwa masjala.

Sasa sikiliza. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 125, inachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 ni heri akae na mama yake. Ni dhana tu, ushahidi unaweza kuipindua, na mwenzio ndicho alichofanya. Ila kifungu hichohicho kinamtaka hakimu aangalie ubaya wa kumhamishahamisha mtoto. Maana yake, kila mwezi Doto anaouzoea Manyoni unahesabika upande wao. Usingoje moyo utulie ndipo uende.

Kesho andika barua ya kuomba nakala ya uamuzi na ya mwenendo wa shauri. Peleka mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Siku za kukata rufaa ni chache, zikipita utaanza kuomba kuongezewa muda, na hiyo ni safari nyingine. Rufaa inakwenda Mahakama Kuu, na hapo Dodoma ipo. Ukifika huko huanzi kusimulia upya, unaonyesha hakimu alikosea wapi. Ripoti ya ustawi ni ushauri kwake, haimfungi. Alichoomba baba ni kulea mwenyewe, anayelea ni bibi: hilo litangulie. Na Doto aliulizwa? Sheria ya Mtoto ya 2009 inayapa uzito maoni ya mtoto mwenyewe.

Halafu, uamuzi unasemaje kuhusu wewe kumwona?

MamaDoto_Dom:
Doto hakuulizwa. Kumwona ni "kwa makubaliano ya wazazi". Nikipiga simu bibi anasema amelala. Saa kumi na mbili jioni.

Karani Mstaafu:
Hapo ndipo penye ufa. Amri isiyo na siku wala saa haimbani mtu. Omba itaje: Jumamosi zipi, kuanzia saa ngapi, likizo ya Juni na ya Desemba kwa nani, simu saa ngapi. Na hiyo simu ya bibi, andika kwenye daftari kila ulipopiga.

Wakili wa bure wapo. Kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 kwa ajili ya wasio na uwezo. Waone TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, au muulize afisa maendeleo ya jamii wa kata. Msaidizi wa kisheria atakuelekeza na kukuandikia, kusimama mahakamani ni kazi ya wakili.

Binti Kondoa:
Mimi ni Muislamu, dada, nisamehe nikichangia la kanisani. Kwetu Nabii Yakubu alimlilia Yusuf mpaka macho yakawa meupe, na huyo ndiye aliyesema "subira njema". Hakuna aliyemwandikia hana utulivu wa akili. Na katikati ya machozi hayohayo akawatuma wanawe: nendeni mkamtafute. Alilia, akasubiri, akatafuta.

Mwinjilisti wa Mpwapwa:
Binti Kondoa kamaliza. Mzee wako amesoma Ayubu sura ya kwanza akafunga kitabu. Angefika ya 23 angemkuta Ayubu huyohuyo anatafuta pa kulipeleka shauri lake, tena mbele za Mungu mwenyewe. Na mjane wa Luka 18 alimwendea kadhi asiyemcha Mungu, akarudi, akarudi tena. Kwaya wasikusumbue. Kaa kwenye safu hata kimya, wenzako watakubebea wimbo.

Baba Wawili:
Moja tu: usiende Manyoni kumchukua kwa nguvu. Mimi nilifanya hivyo, nikajimaliza mwenyewe. Mpaka leo nawaona wanangu kwa kuomba.

MamaDoto_Dom:
Asanteni, Mungu awabariki wote, na Ngosha pia, swali lake ndilo litakaloulizwa. Leo nimefunga genge mapema, barua imepokelewa, muhuri ninao. Nakala wameniambia nirudi Jumanne.

Karani, la mwisho. Nimemshonea Doto sweta, asubuhi kule kuna baridi. Nikilipeleka Manyoni nimpe bibi?

Karani Mstaafu:
Mpe bibi mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Mwenyekiti aandike tarehe, bibi atie saini.

MamaDoto_Dom:
Sawa baba. Nilishona mawili. Nitapeleka yote, atabadilisha.