Kubadili noti kuwa kilomita kwa saa: nimekosea wapi?

Mshale_wa_Dira

Habari zenu wanajukwaa. Naomba msaada katika hesabu ambayo nilidhani ni nyepesi. Ratiba ya chombo kimoja cha abiria inaeleza kwamba kinakwenda kwa kasi ya noti 18, nami nilipoipima njia yake kwenye ramani ya simu nilipata kilomita 167 hivi. Kwa kuwa nilikwisha kusoma kwamba noti ni maili moja kwa saa, nilizidisha 18 kwa 1.609, nikapata takriban kilomita 29 kwa saa, kisha nikagawanya umbali kwa kasi hiyo na kupata muda wa saa 5 na dakika 45 hivi. Ratiba yenyewe, hata hivyo, inasema safari huchukua saa 5 kamili, na abiria wake wanathibitisha hivyo. Nimerudia hesabu mara tatu bila kuona nilipoteleza. Aidha, ningependa kujua kama ipo njia ya kuifanya kichwani, kwani si kila mara ninakuwa na kikokotoo.

Tarakimu

Ndugu Mshale, kuzidisha kwako hakuna kosa; kilichokukosesha ni aina ya maili uliyoichukua. Namba 1.609 ni ya maili ya nchi kavu, ambayo ni mita 1,609.344, ilhali noti ni maili moja ya baharini kwa saa, na maili ya baharini ni mita 1,852 kamili. Kwa hiyo noti 18 ni sawa na kilomita 33.3 kwa saa, na ukigawanya kilomita 167 kwa kasi hiyo utapata saa 5 na ziada isiyofika dakika moja.

Kuhusu hesabu ya kichwani, wengi hufundishwa kuzidisha noti kwa 2 kisha kutoa sehemu moja ya kumi ya jibu. Kwa noti 18 utapata 36 kutoa 3.6, yaani 32.4.

Pwaa_na_Jaa

Naungana na Tarakimu katika yote isipokuwa hiyo kanuni ya sehemu moja ya kumi, kwa sababu inapunguza karibu kilomita 3 katika kila 100, na katika safari ndefu upungufu huo si wa kupuuzwa. Iko njia iliyo nyepesi vilevile na sahihi zaidi. Tafuta asilimia 15 ya noti zako. Kwa 18 ni 2.7. Ukitaka kilomita kwa saa, toa hiyo 2.7 kutoka kwenye mara mbili ya noti, yaani 36, nawe utapata 33.3. Ukitaka maili za nchi kavu kwa saa, iongeze 2.7 hiyo hiyo juu ya 18, nawe utapata 20.7. Asilimia 15 hiyo hiyo inakutumikia pande mbili, jambo ambalo mimi binafsi nililigundua baada ya miaka ya kuhangaika na majedwali. Kurudi kutoka kilomita kwenda noti, gawanya kwa 2 kisha ongeza asilimia 8 ya ulichopata: kilomita 100 kwa saa ni 50 na 4, yaani noti 54.

Hata hivyo, kwa safari ya Ndugu Mshale sioni haja ya kubadili chochote. Njia ya kilomita 167 ni maili 90 za baharini; 90 ukigawanya kwa 18 unapata 5, na hesabu imekwisha.

Tarakimu

Nakubali marekebisho hayo. Kanuni yangu naifuta.

Mshale_wa_Dira

Nashukuru sana. Sasa nauliza kwa udadisi tu: kwa nini maili ya baharini ikawa na urefu huo usio wa namba ya duara, badala ya watu wote kutumia maili moja?

Pwaa_na_Jaa

Kwa sababu ilitokana na dunia yenyewe. Latitudo hupimwa kwa digrii, na kila digrii ina dakika 60. Maili ya baharini ilikusudiwa iwe urefu wa dakika moja ya latitudo, ili msafiri aweke bikari pembeni mwa ramani, kwenye kipimo cha latitudo, na kusoma umbali papo hapo. Mzingo wote una dakika 21,600. Nayo mita, ilipobuniwa Ufaransa, ilikusudiwa iufanye mzingo huo uwe kilomita 40,000, na ukigawanya 40,000 kwa 21,600 unapata 1.852 hivi. Ila dunia si tufe kamili, hivyo dakika moja ni fupi kidogo karibu na ikweta na ndefu kidogo karibu na ncha; ndiyo maana mkutano wa wapimaji wa bahari uliofanyika Monaco mwaka 1929 ulichagua urefu mmoja wa mita 1,852. Uingereza iliendelea na maili yake ya futi 6,080 hadi mwaka 1970, kwa hiyo ukikuta 1.853 katika kitabu cha zamani usidhani ni kosa la uchapaji.

Jina la noti nalo linatokana na mafundo ya kamba. Mabaharia walitupa kibao majini nyuma ya meli, kamba yenye mafundo ikafunguka, nao wakahesabu mafundo yaliyopita mkononi hadi mchanga uishe katika kioo cha kupimia muda cha sekunde 28. Mafundo yalipishana kwa futi 47 na inchi 3. Fanya hesabu na utaona kwamba fundo moja katika muda huo ni futi 6,075 kwa saa, yaani karibu kabisa na maili moja ya baharini. Kwa hiyo neno "saa" limo tayari ndani ya noti, na anayeandika "noti 18 kwa saa" anaeleza kasi inayoongezeka.

Mkondo

Nyongeza moja, maana naona Ndugu Mshale anatumia ramani ya simu. Simu huonyesha kasi juu ya ardhi, ilhali kipimo cha kawaida cha chombo huonyesha kasi ndani ya maji. Chombo kinachokwenda noti 10 dhidi ya mkondo wa noti 2 kitaonekana kwenye simu kikienda kilomita 14.8 kwa saa, wala si 18.5. Ukiona tofauti ya namna hiyo, usianze kuilaumu namba 1.852.

Mshale_wa_Dira

Nimeelewa. La mwisho: utabiri wa upepo ninaousoma hutolewa kwa mita kwa sekunde. Je, nao una njia ya mkato?

Tarakimu

Zidisha kwa 2, kisha toa asilimia 3 ya jibu. Mita 10 kwa sekunde ni noti 19.4. Safari hii nimehakiki kwanza.