Mjadala: Pesa za vijana zijenge vivungulio au zichimbe vidimbwi?

Mkulima wa Bahati (mleta hoja): Watu wa Nakuru na magharibi, mje tubishane. Mimi nasema kaunti iache kwanza kuwanunulia vikundi vya vijana vivungulio, yaani nyumba za nailoni za kukuzia mimea. Pesa hizo zichimbe vidimbwi na kununua matangi. Tunaambiwa kivungulio ndiyo dawa ya tabianchi, lakini ukame ule wa 2020 hadi 2022 haukutukosesha nailoni, ulitukosesha maji. Na mnyanya ulio ndani haupati tone hata mvua ikinyesha, unangoja mpira wako wa maji. Huku kwetu vipo vilivyobaki nguzo na matambara tu.

Wa Molo: Sema ya kwenu huko Bahati. Huku juu, karibu mita 2,500, mvua ya mawe hufagia shamba kwa dakika chache, na ugonjwa wa ukungu humaliza kilichobaki. Masika ya 2024 ulikuwa unapiga dawa leo, kesho imeoshwa, unapiga tena. Ndani ya kivungulio majani hukaa makavu. Usitunyime sisi kwa sababu kwenu mto umekauka.

Jirani wa Nyando: Molo ni baridi, sawa. Kisumu nailoni ni jiko! Joto likipita nyuzi 35 chavua huharibika, maua yanadondoka, unabaki na minyanya mirefu ya kupigia picha. Sisi tupeni neti ya kivuli na chandarua cha kuzuia wadudu. Lakini muundo tunaoletewa ni uleule, kuanzia Molo mpaka ziwani.

Mkulima wa Bahati: Wa Molo, kwa mvua ya mawe nakubali. Ila pigia hesabu paa lako. Mita 8 kwa 15 ni mita mraba 120. Mvua ya milimita 20 ikinyesha, hapo juu pamepita lita 2,400. Umezikinga? Vivungulio vya msaada nilivyoviona mimi havina hata gata, ule mfereji wa kukinga maji ya paa.

Kijana wa Njoro: Mnabishania paa na maji, udongo mmeuacha. Panda nyanya juu ya nyanya msimu baada ya msimu, ugonjwa wa mnyauko wa bakteria utakutembelea. Kata shina, litumbukize kwenye glasi ya maji safi. Ukiona utepe mweupe kama maziwa unashuka, ndiyo huo, na hakuna dawa ya kupiga. Shamba la nje ungelipumzisha kwa mahindi. Kivungulio utakihamishia wapi? Kule Naivasha mashamba mengine ya waridi hupanda kwenye pumisi, vile vijiwe vyepesi vya volkano, udongo hawaugusi. Kikundi cha kijijini kinapewa nailoni, mbegu na kupigiwa makofi, mafunzo ni siku ya uzinduzi.

Mama wa nyanya, sokoni Nakuru: Mimi nanunua tu. Nyanya za shamba la nje huja zote pamoja, kreti inaozea mkononi, halafu zinapotea. Wa kivungulio huniletea kidogo kidogo kwa miezi. Huyo ndiye nampenda.

Wa Molo: Asante mama. Na wewe wa Bahati, kidimbwi chako si cha bure. Udongo wetu huu wa volkano unakunywa maji, bila kutandika karatasi chini utaamka umekuta tope. Utahitaji pia uzio, watoto wasitumbukie. Na hiyo karatasi ya kutandika ni nailoni vilevile, inapasuka vilevile, na kaunti ikishakata utepe hairudi kuiziba.