Naomba ushauri: nianze na Kituruki cha leo au Kiosmani (Kituruki cha zamani cha herufi za Kiarabu)?

Wakuu habari zenu, naombeni msaada hasa mliosoma historia. Niko masta, nataka kuandika kuhusu Amir Ali Bey, yule nahodha wa Kituruki aliyefika pwani yetu 1585 na Wareno wakaja kumkamata Mombasa 1589, sasa karibu kila nilichopata kimetoka kwa Wareno.

Nimekuwa nasoma kazi za Halil İnalcık, mwanahistoria wa Kituruki wa dola ya Osmani, na huyu mzee ndo kanitia hamu. Kazaliwa Istanbul 1916, kafariki 2016, kafundisha Ankara, Chicago na baadaye Bilkent, na nguvu yake kubwa ilikuwa kukaa na madaftari yenyewe, ya kodi, ya makadhi wa Bursa, humo anakuta nani kauza hariri, nani anadaiwa. Ila Uturuki ilipohamia herufi za Kilatini 1928 yeye alikuwa mtoto wa kama miaka 12, kwa hiyo ile hati ya zamani ya herufi za Kiarabu alikua akiijua tangu utotoni.

Mimi Kiarabu nasoma tangu madrasa, Kituruki cha leo najifunza YouTube kinaenda mdogo mdogo, lakini nilipofungua picha ya daftari la hesabu la hati ya siyakat nilikwama kabisa, nukta karibu hamna, hata namba ni maneno ya Kiarabu yaliyofupishwa. Msimamizi anasema nitumie tafsiri tu, mi naona nitarudia ya wengine.

Je, nimalize Kituruki cha leo kwanza au niingie Kiosmani moja kwa moja? Na kwa aliyewahi kufanya utafiti kwenye nyaraka za serikali Istanbul, mwanafunzi wa nje anaombaje kibali?