Samoa na saa ya kiangazi: irudishwe au ibaki imezikwa?

Mleta mada
Wakuu, tuweke msingi kwanza tusije tukabishana hewani. Samoa ni nchi ya watu laki mbili na ushei, visiwa vikubwa viwili, Upolu na Savai'i, nyuzi 14 hivi kusini mwa ikweta. Kuanzia Septemba 2010 ilikuwa ikisogeza saa mbele kwa saa moja, ndiyo hiyo saa ya kiangazi, kila mwisho wa Septemba na kuzirudisha mwanzoni mwa Aprili. Lengo lilitajwa wazi: watu wakitoka kazini wapate mwanga wa kwenda shamba na kufanya mazoezi, na mafuta yaokolewe. Septemba 2021 serikali mpya ya waziri mkuu wa wakati huo, Fiamē Naomi Mata'afa, ikaufuta utaratibu huo. Je, ilikosea? Saa zote hapa tuzihesabu kwa Kiswahili, kuanzia kucha na kuchwa, maana ubishi wenyewe ni wa jua.

Jua_la_Utosini
Haikukosea. Apia, mji mkuu, mchana mrefu kuliko yote, Desemba, ni kama saa 12 na dakika 57. Mfupi kuliko yote, Juni, ni saa 11 na dakika 18. Tofauti haifiki saa mbili. London tofauti hiyo inapita saa nane, ndiyo maana wenzetu wa kule wana mwanga wa ziada wa kuuhamisha. Apia unahamisha nini?

Halafu kuna jambo ambalo wengi wanalisahau. Apia iko karibu nyuzi 171 na robo tatu magharibi. Kwa jua lenyewe, saa yake ingekuwa saa 11 na dakika 27 nyuma ya UTC, saa ya marejeo ya dunia nzima. Nchi inatumia UTC+13, ambayo mishale yake inakaa sawasawa na ya UTC−11 ila tarehe ndiyo tofauti. Kwa hiyo saa ya ukutani tayari imelitangulia jua kwa dakika 27. Ongeza saa nzima, inakuwa dakika 87. Tarehe 4 Aprili 2021, siku ya mwisho ya utaratibu ule, kwa saa iliyosogezwa jua lingechomoza saa 1:32 asubuhi. Mtoto anayetoka nyumbani saa 12 na nusu kuwahi basi anatembea kwenye giza totoro. (Na hilo jina "kiangazi" nalo kichekesho: Novemba hadi Aprili Samoa ndiyo masika yao.)

Mwanga_wa_Jioni
Ndugu Utosini, umechagua Aprili kwa sababu ndiyo mbaya kuliko zote. Tazama katikati ya Novemba bila kusogeza: jua linachomoza saa 11:49 alfajiri, linazama saa 12:34 jioni. Mtu anayefunga kazi saa 11 na kufika nyumbani saa 12 kasoro robo ana chini ya saa moja ya mwanga. Palizi ya taro (magimbi) haifanyiki kwa tochi. Sogeza saa, anapata karibu saa mbili, na asubuhi jua linatoka saa 12:49, hakuna anayeumia.

Serikali ililalamika kwamba watu waliitumia saa ile kujumuika badala ya kulima. Tangu lini watu kukaa pamoja ikawa hasara ya taifa?

Dira_ya_Pasifiki
Mnabishania taa, mimi naangalia biashara. New Zealand inasogeza saa zake Jumapili ya mwisho ya Septemba na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Aprili. Samoa ilichagua Jumapili zilezile. Matokeo yake Apia ilikuwa saa moja mbele ya Auckland mwaka mzima, na saa tatu mbele ya Sydney. Sasa majira ya baridi pengo ni lilelile, lakini majira ya joto Apia na Auckland zinasoma saa ileile, na Sydney inabaki saa mbili tu. Kwa hiyo aliyedhani kusogeza saa kunaisogeza Samoa karibu na masoko alikuwa amekosea.

Kilichoisogeza ni hatua ya 2011. Samoa iliruka Ijumaa ya tarehe 30 Desemba. Walilala Alhamisi wakaamka Jumamosi, upande wa pili wa Mstari wa Tarehe, ule wa kuwaziwa tu katika Pasifiki unaotenganisha leo na jana. Kabla ya hapo Ijumaa ya Apia ilikuwa Jumamosi ya Auckland, na Apia wakiwa kanisani Jumapili, Sydney wameshafungua ofisi Jumatatu. Siku tano za kazi, nne tu ndizo zilizokutana. Na mstari huo waliwahi kuuvuka kinyume: mwaka 1892 walirudia Jumatatu ya tarehe 4 Julai ili waendane na wafanyabiashara wa Marekani.

Bei ya hatua ile ni Samoa ya Marekani, jirani aliyebaki UTC−11. Ndege ya nusu saa kwenda Pago Pago inatua jana. Leo tofauti ni saa 24 kamili, mishale ileile, unabadilisha tarehe tu. Kipindi cha saa kusogezwa ilikuwa 25, na hapo ndipo karani anapokumbuka kubadili tarehe akasahau ile saa moja.

Kengele
Umegusa Jumamosi na Jumapili, usisahau Wasabato. Baada ya 2011 uongozi wa kanisa ulibaki na mfululizo wa zamani wa siku saba, kwa hiyo Sabato ikaangukia siku ambayo kalenda inaiita Jumapili. Wengine wakakataa, wakashika Jumamosi ya kalenda. Saa moja haigawi kanisa, tarehe inagawa.

Fundi_Saa
Nazungumzia mitambo. Uamuzi wa 2021 ulitangazwa siku chache kabla. Jedwali la kanda za saa linalotumiwa na simu na kompyuta duniani, toleo 2021b, lilitoka tarehe 24 Septemba. Saa zilikuwa zisogezwe Jumapili tarehe 26, saa 9 usiku. Siku mbili! Kifaa ambacho hakijasasishwa kinaruka chenyewe hadi UTC+14.

Ukitaka kuhakiki kwenye Linux, andika `zdump -v Pacific/Apia`. Badiliko la mwisho linalopaswa kuonekana ni la Aprili 2021. Ukiona Septemba 2021, jedwali lako limepitwa.

Mitego mitatu. Kwanza, usichague `Pacific/Samoa`: hilo ni jina la pili la Pago Pago, utakuwa nyuma siku nzima. Pili, anayeweka kwa mkono akumbuke ishara zimegeuzwa: `Etc/GMT-13` ndiyo UTC+13. Tatu, na huu ndio unaouma: miadi ya Novemba saa 4 asubuhi iliyohifadhiwa Agosti kwa UTC, ikihesabiwa +14, baada ya kusasisha inasomeka saa 3. Miadi ya mbele hifadhi kwa saa ya mahali pamoja na jina la kanda.

Na anayekokotoa riba kwa kutoa tarehe, kati ya 29 na 31 Desemba 2011 anapata siku mbili. Iliyopita ni moja.

Mwanga_wa_Jioni
Fundi, hayo ni makosa ya kutangaza kwa kuchelewa. Hata kufuta kumewaharibia watu saa, kwa hiyo usiihesabie saa ya kiangazi peke yake. Napendekeza: taarifa ya mwaka mzima, na isogezwe Oktoba mosi, irudishwe Desemba 31. Katika kipindi hicho jua halichomozi baada ya saa 1:10 asubuhi. Giza la Machi na Aprili linaondoka.

Jua_la_Utosini
Hesabu ya jua nakubali. Sasa hesabu ya Dira. Septemba mwishoni New Zealand inasogeza, pengo linakuwa sifuri. Oktoba mosi Samoa inasogeza, pengo saa moja. Januari mnarudisha, sifuri. Aprili New Zealand inarudisha, saa moja tena. Mara nne kwa mwaka, mbili kati ya hizo ndani ya siku chache. Ofisi ya serikali inayotaka jioni ndefu ifungue saa 1 badala ya saa 2, ifunge mapema. Hakuna kifaa kitakachohitaji kusasishwa.

Dira_ya_Pasifiki
Kwa ofisi za serikali, sawa. Anayepiga simu Auckland kila siku yeye anafunga saa ngapi?