Tupeane uzoefu: nani posho yake ya ulemavu ilishawahi kukatwa hapa Marekani?

Habari zenu ndugu. Naanza mimi. Nipo SSDI (posho ya ulemavu ya Social Security kwa waliowahi kufanya kazi na kuchangia) kwa ajili ya mgongo, miaka mitatu ikapita ikaja barua ya kukaguliwa upya, nikajaza fomu nikarudisha nikajua yameisha. Kumbe shida iko hospitali. Nilishakata tamaa, maumivu yaleyale dawa zilezile, nikawa siendi kliniki karibu mwaka na nusu, sa wakifungua faili wanaona mtu aliyepona. Ikaja barua nyingine, ulemavu umekoma. Una siku 60 za kukata rufaa, nami nikatulia natafuta wakili, sikusoma pale chini kwamba ukitaka hela iendelee kuingia rufaa ikisikilizwa uombe ndani ya siku 10. Kumi tu jamani! Miezi saba bila senti huku nadaiwa kodi ya nyumba. Nilishinda, za nyuma nikalipwa, ila ile miezi siisahau. Kliniki nenda hata kama dokta hana jipya, mwambie siwezi kuinama, siwezi kukaa dakika ishirini, aandike. Wengine yenu ilikuwaje?

— Pole sana kaka. Mi niko SSI (ile ya wenye kipato na mali kidogo), yangu ilikatwa kwa michango ya msiba. Mwenzetu alifiwa wakanifanya mweka hazina, watu wakarusha hela kwenye akaunti yangu, tarehe moja ya mwezi ikakuta humo zaidi ya dola 2,000 ambazo ndo mwisho wa mali unayoruhusiwa kuwa nayo kwa mtu mmoja (mke na mume 3,000). Hela si yangu lakini karatasi ya kuonyesha sina, nikaambiwa nirudishe ya mwezi ule. Siku hizi nakataa kushika hela ya mtu, wakinuna wanune. Na kwa anayetaka kuweka akiba kuna akaunti za ABLE (za akiba kwa wenye ulemavu, kwa kawaida hazihesabiwi kwenye hiyo 2,000), zamani ilikuwa lazima ulemavu uwe ulianza kabla ya miaka 26, tangu Januari 2026 ni kabla ya 46, ulizieni hilo.

— Dada hapo juu umenigusa. Mi pia SSI, nilikwenda nyumbani kumuuguza mama nikasema wiki tatu, hali ikawa mbaya nikakaa miezi miwili. Ukipitisha siku 30 mfululizo nje ya nchi inasimama, na ukirudi haianzi palepale, mpaka ukae tena siku 30 humu ndani. Sijutii kumuona mama, ila ningejua ningejipanga. Toeni taarifa kabla ya safari na mtunze tiketi.

— SSDI na kazi: usiogope kujaribu, una miezi 9 ya majaribio ndani ya miaka mitano, si lazima ifuatane, unapokea mshahara na posho yako. Kosa langu sikuripoti, nikaja kudaiwa deni kubwa. Slipu zote za mshahara pelekeni na mdai risiti. Ikikatwa kwa sababu ya kazi halafu mwili ukagoma, ndani ya miaka 5 unaomba irudishwe bila kuanza upya.

— Swali kwa mwenye uzi, ukiomba iendelee halafu rufaa ukashindwa?

— Wanaweza kuzidai zile ulizopokea ndugu yangu, ila nawe unaweza kuomba usamehewe, wataangalia kama ulikata rufaa kwa nia njema. Mi bado ningeomba, watoto hawali rufaa.