Mgombea wako akikatwa, kura yako inabaki kwa nani?

Mama Balozi, Ng'ambo, Tabora Mjini

Salamu kwenu nyote. Mimi ni balozi wa CCM, chama tawala, yaani kiongozi wa shina la nyumba chache hapa mtaani, na naanza mjadala huu nikiwa na kadi mbili za CCM mezani. Moja ni yangu, na ada yake nimelipa. Nyingine ni ya jirani yangu mrina asali. Aliniletea jioni moja, mwisho wa Julai 2015, siku chache baada ya Edward Lowassa, Waziri Mkuu wa zamani aliyekatwa kwenye mbio za urais za CCM, kuhamia CHADEMA, chama cha upinzani. Nilikuwa barazani napepeta mchele. Hakukaa wala hakusubiri maji ya kunywa. Aliilaza kadi yake kwenye ungo, juu ya mchele, akasema, "Mama balozi, mpelekee katibu wa tawi. Mtu wangu kaondoka, na mimi naondoka."

Machi 2019 Lowassa akarudi CCM. Wiki ile ile mrina asali alinikuta sokoni, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, mwenzangu kapokewa kwa makofi. Mimi nani atanipokea?" Nilishindwa kumjibu. Mzee Lowassa amefariki Februari 2024, Mungu amrehemu, na swali la jirani yangu bado linanikaa rohoni.

Basi nawauliza. Mwanachama akiona mgombea wake wa urais amekatwa ndani ya chama, kura yake siku ya uchaguzi ni ya chama au ya mtu?

Kwa waliokuwa wadogo, nikumbushe ilivyokuwa. Mwaka 2015 wanachama 42 walichukua fomu za kuomba kugombea urais kupitia CCM. Kila mmoja alizunguka mikoani kutafuta wadhamini. Hapo ndipo mwanachama wa kawaida alipohusishwa, kwa kusaini karatasi ya mdhamini, na hapo ndipo alipoishia. Dodoma, Kamati Kuu ikabakiza majina matano. Lowassa hakuwemo. Wajumbe watatu wa Kamati Kuu yenyewe wakajitokeza hadharani kusema hawakubaliani na utaratibu uliotumika, na baadhi ya wajumbe wa Halmashauri Kuu wakaimba mbele ya mwenyekiti kwamba wana imani na Lowassa. Halmashauri Kuu ikabakiza watatu: John Magufuli, Asha-Rose Migiro na Amina Salum Ali. Mkutano Mkuu ukapiga kura, Magufuli akapata 2,104, Amina 253, Migiro 59. Jumlisheni wenyewe, hawafiki 2,500. Daftari la wapiga kura mwaka ule lilikuwa na watu zaidi ya milioni 23.

Mimi ni balozi. Mtu akifiwa usiku naamshwa mimi. Wanandoa wakigombana naitwa mimi. Kampeni zikifika, ni mimi ninayegonga milango. Lakini kuulizwa ninamtaka nani agombee urais, sijawahi.

Nilibaki, na kura yangu niliipeleka kwa chama. Siioni kuwa kosa. Ila siwezi tena kumwita jirani yangu msaliti, maana uaminifu ninaomdai siku ya kura hakuwahi kushirikishwa katika kuutengeneza. Msimamo wangu ni huu: kila mwanachama aliyelipa ada apige kura tawini kwake kuchagua mgombea urais wa chama chake. Hilo ni kwa vyama vyote. Baada ya hapo, anayehama kwa sababu mtu wake kashindwa, tutakuwa na haki ya kumlaumu.

Bodaboda wa Isevya

Shikamoo mama balozi. Nakuheshimu, ila mimi hata kadi sina na siitafuti. Nachagua mtu. Nikipakia abiria stesheni hanipi nauli kwa sababu ya rangi ya kofia yangu, ananipa kwa sababu nimemfikisha.

Tatizo siyo wajumbe 2,500 au milioni mbili. Tatizo ni kwamba Katiba ya nchi, ibara ya 39, inamtaka mgombea urais awe mwanachama wa chama na awe amependekezwa na chama. Mchungaji Mtikila alipambana na jambo hilo mahakamani miaka na miaka. Mahakama Kuu ilimpa haki, Mahakama ya Rufani ikatengua mwaka 2010, akaenda Mahakama ya Afrika pale Arusha, na Juni 2013 ikaamua kwamba kuwazuia wagombea binafsi kunavunja haki. Yeye amekufa na sheria iko vile vile. Ruhusuni mgombea binafsi muone kama huyo mrina asali angehangaika na kadi. Angemfuata mtu wake moja kwa moja, na mtu wake angerudi alikotoka bila kumwacha njiani.

Mkulima wa tumbaku, Urambo

Kijana, punguza mwendo kidogo. Rais hatawali peke yake. Ana mawaziri, ana wakuu wa mikoa, ana wabunge wa kumpitishia bajeti. Huyo wa kwako asiye na chama bajeti atapitishiwa na nani? Mimi nauza tumbaku. Kuna msimu nimepeleka mzigo, umepimwa, umepangwa daraja, halafu malipo nikayangoja hadi mvua za msimu mwingine zikaanza. Shida kama hiyo haiondolewi na mtu mmoja mwenye maneno matamu jukwaani. Inahitaji kundi lenye ilani iliyoandikwa, ili miaka mitano ikiisha niishike niwaulize: hapa mlisema hivi, mbona haikuwa?

Na mama balozi, mbona umesahau la nyumbani? Mwaka huo huo wa 2015 hata mzee wetu Samuel Sitta aliomba urais. Spika wa Bunge tangu 2005 hadi 2010, Mwenyekiti wa Bunge Maalumu la Katiba mwaka 2014, mtoto wa Urambo. Naye alikatwa. Hapa tuliumia, kuna watu walishindwa kula. Mzee hakuhama, mpaka anafariki mwaka 2016 alikuwa CCM. Kwa hiyo kukatwa siyo sababu ya kuondoka. Wawili walikatwa mwaka mmoja, mmoja akatoka na mmoja akakaa.

Mama Balozi

Sikumsahau. Mimi nilikuwa upande wake, na nilipobaki nilimtazama yeye. Hebu fikiria hapo, ndugu yangu. Hata kubaki kwangu kulimfuata mtu. Mzee Sitta angetoka, sijui mguu wangu ungekuwa wapi leo.

Mwalimu mstaafu wa historia, Cheyo

Nawasoma tangu asubuhi, na nashangaa watu wa Tabora tunajadili jambo hili kama geni. Limeanzia hapa hapa.

Januari 1958 TANU, chama kilichopigania uhuru na kuizaa CCM baadaye, ilifanya mkutano mkuu wake Tabora. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeleta kura tatu: kila mpiga kura lazima achague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, asipofanya hivyo kura inaharibika. Juu yake kulikuwa na masharti ya kipato na elimu yaliyowaacha Waafrika wengi nje. Wajumbe wengi walifika wakitaka TANU isusie. Nyerere alisimama akawasihi waingie hivyo hivyo, wakabishana, mwisho wakakubaliana naye. Ndiyo maana tunauita Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka akaanzisha chama chake cha Congress. Mwaka 1962 akagombea urais dhidi ya Nyerere, na Nyerere akapata zaidi ya asilimia 98.

Nataka mtazame kilichowafanya wale waliokuwa wanataka kususia wabaki. Walibishana na kiongozi uso kwa uso kabla ya uamuzi. Hoja ikajibiwa kwa hoja. Mtu aliyeshindwa namna hiyo anabeba bendera bila kinyongo, kwa sababu alisikilizwa.

Jambo la pili. Mwaka 1965 tulikuwa na chama kimoja tu, na bado karibu kila jimbo lilikuwa na wagombea ubunge wawili wa TANU, mmoja alama ya jembe, mwingine nyumba. Wananchi wakawaangusha vigogo, hata Paul Bomani aliyekuwa Waziri wa Fedha alishindwa kule Mwanza. Kwenye urais, hapana. Jina lilikuwa moja, ukisema ndiyo au hapana. Tangu wakati huo kwenye ubunge na udiwani tunaruhusiwa kupigana, kura za maoni zinatoa jasho, ila tukifika kwenye urais tunaambiwa tulia, wakubwa wanashauriana. Januari 2025 Mkutano Mkuu maalumu wa CCM Dodoma ulimpitisha Rais Samia kuwa mgombea pekee, azimio likapita kwa shangwe. Wapo wanaosema ni utamaduni wa kumwachia aliyepo madarakani amalize, na nawaelewa. Mimi nasema hata mgombea ninayemkubali, ningependa nimkubali kwa karatasi ya kura.

Bodaboda wa Isevya

Mwalimu, na wapinzani je? Januari hiyo hiyo CHADEMA walichagua mwenyekiti, Lissu 513, Mbowe 482. Kura 31 tu ziliwatenganisha. Taifa zima lilikesha kuangalia watu wasiofika elfu moja na mia wakiamua. Ushindani ulikuwa wa kweli, sikatai. Lakini mwanachama wao wa hapa Isevya alikuwa mtazamaji kama mimi.

Mzaliwa wa Nzega, Minnesota

Ndugu zangu, nimekaa Marekani miaka mingi, niwaambie kidogo. Huku mwananchi wa kawaida anapiga kura kuchagua mgombea wa chama, jimbo kwa jimbo. Kuna majimbo lazima uwe umejiandikisha na chama hicho. Kuna mengine kama New Hampshire ambako asiye na chama anaingia siku ile, anaomba karatasi ya chama anachotaka na kupiga. Na humo humo ndimo vita ya kura ya mtu na kura ya chama inapopiganwa. Utasikia mtu anasema, nampenda huyu lakini hawezi kushinda Novemba, wacha nimpe yule. Mwingine anasema, mtu wangu akikosa, nakaa nyumbani. Mwaka 2016 wafuasi wengi wa Bernie Sanders walilia machozi, kisha walio wengi wakampigia Hillary Clinton hivyo hivyo.

Hata hivyo msidhani ni dawa. Mwaka 2024 Joe Biden alishazoa karibu wajumbe wote katika kura hizo, halafu Julai akajitoa. Kamala Harris akapitishwa na wajumbe, wananchi hawakurudia kupiga kura. Utaratibu wa wananchi ulikuwepo, na mwisho wajumbe ndio waliomaliza kazi.

Mkulima wa tumbaku, Urambo

Umeona! Na mama balozi, pesa je? Wajumbe 2,500 wananunulika, hilo tunalijua na tunalisema chini chini. Ukifungulia matawi yote, mwenye fedha atamwaga kuanzia kata hadi shina. Wewe balozi ndiye utakayefuatwa usiku na bahasha. Ghana wamejaribu. Mwaka 2023 chama kilichokuwa madarakani, NPP, kilichagua mgombea wake kwa wapiga kura kama laki mbili. Bawumia akashinda. Lakini kabla hata ya siku yenyewe mwenzao Alan Kyerematen alishajitoa akilalamika mchezo hauko sawa, akagombea binafsi, akaambulia kura chini ya asilimia moja, na chama nacho kikaanguka kwa Mahama wa upinzani mwaka 2024. Wapiga kura wengi, na bado watu wamegawanyika.

Mama Balozi

Baba, hoja ya bahasha ni nzito na siikimbii. Bahasha naijua. Katika kura za maoni za ubunge, mwaka nisioutaja, mtu alikuja kwangu saa tatu usiku na khanga kumi na mbili kwenye mfuko wa rambo, akaniambia niwagawie akina mama wa shina langu. Nilimrudishia. Asubuhi nikaziona khanga zile zile zimefungwa viunoni nyumba ya tatu kutoka kwangu. Kwa hiyo usinieleze kwamba utaratibu wa sasa umetuepusha na rushwa. Tofauti ni kwamba wachache wakinunuliwa, sisi wengine hatuna pa kurekebishia. Laki mbili kuwanunua siyo kazi ndogo, na wapo watakaovaa khanga na kupiga kura wanakotaka.

Kuhusu Ghana, umesema kweli, walishindwa. Lakini walishindwa mbele ya wapiga kura wa nchi nzima, na aliyejitoa alipimwa akaonekana uzito wake. Hapa kwetu jirani yangu hakuwahi kujua kama mtu wake alikataliwa na wanachama wenzake au na watu wachache ndani ya chumba. Angejua amekataliwa na wanachama wenzake, pengine angeinamisha kichwa akarudi kwenye mizinga yake. Kilichomtoa ni kutojua.

Kijana wa Isevya, mgombea binafsi namuunga mkono, tena kwa moyo. Lakini usinitoe kwenye chama ili unipe haki yangu. Baba yangu aliniachia kadi ya TANU imekunjwa kwenye nailoni, na alitembea kwa miguu kutoka Sikonge kuifuata. Nataka haki hiyo niipate nikiwa humu humu ndani.

Bodaboda wa Isevya

Nimekusikia mama. Swali moja tu. Ile kadi ya mrina asali, miaka yote hii, kwa nini hukuipeleka kwa katibu wa tawi?

Mama Balozi

Siku ile niliipangusa pumba nikaiweka kabatini, chini ya vyombo vya wageni. Nilijiambia nitaipeleka Jumatatu. Jumatatu ikapita. Juzi msiba wa mtaa wa pili tulikaa naye mkeka mmoja, akanimiminia kahawa, tukaongea habari za nyuki na ukame. Kadi hakuiuliza, na mimi sikumtajia. Bado iko hapa mezani.