Avangadi: sanaa ya kuongoza jamii au vituko tu?

Mleta mada: Wakuu, siku hizi kila kazi ya sanaa isiyoeleweka inaitwa avangadi (kwa Kifaransa avant-garde). Mtu akipiga kinanda kwa kiwiko, tayari. Mimi napinga. Neno hilo Wafaransa walilitoa jeshini: ni kikosi kinachotangulia jeshi kuu. Wafuasi wa Saint-Simon, mwanafikra Mfaransa aliyetaka jamii ipangwe upya, ndio waliolipeleka kwenye sanaa mwaka 1825, katika mazungumzo ya kubuni kati ya msanii, mwanasayansi na mwenye viwanda. Humo msanii anasema wasanii watatangulia, kwa kuwa sanaa huwafikia watu upesi. Walichokitaka ni jamii mpya, si mtindo mpya wa kuchora. Kazi isiyo na nia hiyo iitwe ya majaribio, inatosha. Wala si tusi.

Mchangiaji wa kwanza: Nia ya nani, mkuu? Kikosi hupokea amri. Mshairi Mfaransa Baudelaire aliliona hilo mapema. Katika maandishi yake ya faragha aliwadhihaki Wafaransa kwa kupenda lugha ya kijeshi hata kwenye fasihi. Ukishikilia 1825 utabaki na wachora mabango ya kampeni.

Mleta mada: Wale wasanii wa kundi lililoitwa Dada walipokea amri ya nani? Zürich, Uswisi, 1916, watu waliokimbia Vita Kuu ya Kwanza wanapanda jukwaani kwenye klabu ya Cabaret Voltaire na kughani sauti zisizo na maana. Kituko, ndiyo, lakini walikuwa wanaukataa ustaarabu uliokuwa ukiua vijana mahandakini. Nia ilikuwepo bila kamanda.

Mchangiaji wa pili: Hapo umemkaribia Peter Bürger, mwananadharia Mjerumani. Kitabu chake cha 1974 kinasema avangadi ya kweli iliishambulia taasisi yenyewe ya sanaa, yaani mfumo unaoamua kipi ni sanaa, na waliokuja baadaye wakarudia shambulio lile huku taasisi ikiwapigia makofi. Tazameni kile choo cha kukojolea ambacho msanii Marcel Duchamp alikileta kama kazi ya sanaa. Mwaka 1917 New York, maonyesho yaliyoahidi kupokea kazi ya kila aliyelipa ada yalikikataa. Cha awali kilipotea. Nakala alizoidhinisha mwenyewe mwaka 1964 sasa zinalindwa makumbusho. Mwaka 1993 huko Nîmes, Ufaransa, msanii Pierre Pinoncelli aliikojolea moja, na 2006 akaipiga nyundo jijini Paris. Alidai naye anafanya sanaa. Mahakama ikamtia hatiani. Sasa mleta mada, kwa kipimo chako, avangadi hapo ni ipi: iliyo kwenye kioo au yule mwenye nyundo?